Jinsi ya Kuzeesha Bia Bila Kuizika

Kila ukoo una mtu wake wa bia ya akiba. Kreti zilibaki kwenye harusi ya mdogo wake, chache zikanywewa kesho yake na vijana waliokuja kufungua maturubai, zilizosalia zikapandishwa juu ya kabati la jikoni, karibu kabisa na bati. Ukimuuliza anangoja nini, anakujibu kwa utulivu kwamba ya kale ni dhahabu. Amesikia kuwa mvinyo wa Ufaransa ukikaa miaka 20 bei hupanda, na haoni sababu ya bia yake kubaki nyuma. Mwongozo huu ni wake, na ni wako pia wewe unayemcheka huku una chupa mbili za Krismasi iliyopita nyuma ya mfuko wa unga. Nawapenda sana watu hawa. Mtu anayeweza kukaa nyumba moja na bia mwaka mzima asiiguse ana kipaji. Kipaji hicho kikielekezwa vizuri, kitampa kinywaji ambacho wengi hawatakionja maishani. Kikielekezwa vibaya, kitampa maji yenye ladha ya boksi.

Hatua ya kwanza: isome chupa kabla ya kuiwekea matumaini. Ukikuta ni lager ya kawaida, yaani Safari, Kilimanjaro, Tusker, Primus na ndugu zao wenye kilevi cha asilimia 4 hadi 5 na kidogo, mwongozo unaishia hapo. Iweke kwenye friji, washa mkaa, ita watu. Bia hiyo imeshazeeka kiasi ilichopaswa kuzeeka. Baada ya kuchachuka ililazwa kwenye matangi ya kiwandani, kwenye baridi inayokaribia kugandisha maji, mpaka ladha zake zikatulia. Kisha ikachujwa na kutiwa chupani, na kwa kawaida chupa zenyewe hupitishwa kwenye maji yenye joto la nyuzi 60 hivi ili kuua hamira na vijidudu vilivyosalia. Kazi hiyo dunia inaikumbuka kwa jina la Louis Pasteur, aliyechapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876. Siku bia hiyo inapotoka getini kiwandani ndiyo siku yake nzuri kuliko zote. Baada ya hapo, kila juma linalopita linaipunguza.

Kinachoipunguza ni hewa, joto na mwanga. Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo isiyoonekana. Hakuna mashine inayoziba chupa bila kuacha chembe za oksijeni ndani, na viwanda vinavyojiheshimu hujitahidi zisizidi sehemu 100 kwa bilioni. Kizibo nacho kina mchango wake. Kizibo hiki cha bati chenye meno kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyekipatia hataza mwaka 1892, na mpaka leo dunia nzima inafungua bia kwa kung'oa ubunifu wake. Lakini ule utando laini ulio ndani ya kizibo hupitisha hewa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Oksijeni ikishafanya kazi yake hutokea kemikali kadhaa, maarufu zaidi ikiwa trans-2-nonenali, ambayo ulimi wa binadamu huitambua hata ikiwa sehemu 0.1 tu kwa bilioni. Ladha yake ni karatasi iliyolowa. Baadaye uchungu wa bia hulegea, utamu wa sukari iliyoungua hujitokeza, na rangi hukolea. Mnywaji wa kawaida hana jina la hali hiyo. Anasema tu bia ya leo “haipandi”, anamlaumu mhudumu, anaagiza nyingine kutoka kreti ile ile.

Joto ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Watengenezaji bia wa Marekani wana kipimo chao cha kukadiria kinachokwenda kwa tarakimu tatu: 3, 30, 300. Maana yake ni kwamba bia iliyokaa siku 3 kwenye nyuzi 32 za Selsiasi huwa imechakaa sawa na iliyokaa siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na iliyokaa siku 300 kwenye friji ya nyuzi 3 au 4. Ni makadirio, si sheria ya hesabu, lakini yasome tena polepole ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari. Nyuzi 32 kwetu ni kivulini. Juu ya kabati, chini ya bati, saa nane mchana, joto linapita hapo. Kwa hesabu hiyo, bia ya yule ndugu yetu ilikuwa imechoka kabla bibi harusi hajamaliza fungate.

Kwa hiyo, ukitaka kuiua bia kwa uhakika, huna haja ya ujuzi wowote. Fuata tu desturi ya maduka yetu mengi. Panga kreti nje ya grosari ziwe ukuta wa kuzuia upepo. Jua la asubuhi lizipige upande huu, la jioni upande ule. Mteja akija, chomoa moja, isukume kwenye friji kwa nusu saa, mpe. Itakuwa baridi mkononi, na hapo watu wengi huamini kwamba baridi imefuta yote yaliyotangulia. Haifuti. Baridi inapunguza tu kasi ya uharibifu unaofuata. Kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Papo hapo niondoe hofu moja iliyoenea, ile ya kwamba bia ikitolewa kwenye friji ikapata joto, kisha ikarudishwa, “imekufa”. Kupanda na kushuka kwenyewe si tatizo. Kinachohesabiwa ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Umeme ukikatika usiku mmoja, usiimwage bia yako. Ukiwa eneo la mgao wa kila siku, ni jambo jingine, na hapo ushauri wangu ni kununua chache na kuzimaliza mapema.

Mwanga ni mkali kuliko vyote viwili kwa kasi. Ndani ya bia mna riboflavini, vitamini B2 ile ile iliyo kwenye maziwa, na mna vitu vya uchungu vitokanavyo na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Mwanga ukipiga, riboflavini huzichukua nguvu zake na kuvivunja vile vya uchungu, na kinachozaliwa ni kemikali yenye salfa inayonuka harufu ya kicheche. Pua huikamata hata ikiwa chembe chache kwa trilioni. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani haizuii vya kutosha, na nyeupe haizuii kitu, ndiyo maana baadhi ya bia zinazouzwa kwenye chupa nyeupe hutengenezwa kwa hopsi zilizobadilishwa kiwandani zisivunjike hivyo. Kama huniamini, mimina bia kwenye glasi mbili, moja iache ndani, nyingine iweke juani dakika chache, kisha nusa zote mbili. Ni jaribio la bei nafuu, na ukishalifanya hutaweka tena glasi juani.

Haya yote hayamaanishi kwamba bia iliyochakaa ni sumu. Kilevi, hopsi, uchachu wake na uhaba wa hewa ndani ya chupa haviwapi nafasi vijidudu vya maradhi. Bia ya kale itakuhuzunisha, haitakulaza hospitali.

Sasa tuje kwenye bia zinazostahili kungojwa, maana zipo, na zikikomaa ni kitu cha kuheshimiwa. Zitambue kwa dalili hizi: kilevi cha juu, kuanzia asilimia 8 kwenda juu, kimea kingi, hasa kilichokaangwa kikawa cheusi, hamira hai iliyoachwa ndani ya chupa ili iendelee kuila oksijeni, au uchachu wa makusudi. Isiyo na hata dalili moja kati ya hizo, rudi hatua ya kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Thomas Hardy's Ale. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kiwanda cha Eldridge Pope mjini Dorchester, Uingereza, kuadhimisha miaka 40 tangu mwandishi Thomas Hardy afariki. Ilikuwa na kilevi cha asilimia 12 hivi, na lebo yake ilimwambia mnunuzi waziwazi kwamba inaweza kukaa miaka 25. Fikiria kiwanda kinachomuuzia mtu kinywaji na kumshauri amkabidhi mwanawe. Ikiwa changa ni tamu ya kukaba koo na kali. Ikishakaa, uchungu hujificha na kuacha ladha za tende, zabibu kavu, asali na ngozi. Oksijeni ile ile inayoiua lager, hapa inafanya kazi ya kuijenga, kwa sababu kuna mwili mnene wa kimea wa kuipokea. Fuller's wa London nao wamekuwa wakitoa Vintage Ale yao kila mwaka tangu 1997, na wapenzi wake huzipanga kwa miaka na kuzionja sambamba.

Na kama miaka 25 unaiona mingi, sikia hii. Mwaka 2006, kwenye maghala ya kiwanda mjini Burton upon Trent, zilikutwa chupa za kale zilizosahauliwa, baadhi zikiwa Ratcliff Ale, bia iliyotengenezwa na Bass mwaka 1869 kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wa familia ya Ratcliff, mojawapo ya familia zilizomiliki kiwanda hicho. Zilikuwa na umri wa miaka 137. Walioonja walisema bado inanyweka, na ni nzuri. Bia iliyotengenezwa wakati Livingstone yuko hai bara letu, ikafunguliwa mtoto aliyezaliwa naye keshazeeka na kuzikwa.

Wabelgiji wana njia nyingine. Geuze yao ni mchanganyiko wa bia za umri tofauti zilizochachuliwa na hamira za hewani kwenye mapipa ya mbao. Ni chachu, kavu, na iko hai ndani ya chupa. Wapo wanaochapa kwenye lebo muda wa miaka 20, na hawatanii. Orval, bia ya watawa wa abasia ya jina hilo, hutiwa hamira ya Brettanomyces kabla ya kufungwa. Ikiwa na mwezi mmoja inanukia hopsi. Baada ya mwaka inanukia ngozi na shamba, na utamu wote umeliwa. Ipo mikahawa ya Ubelgiji inayokuuliza unataka changa au iliyokaa. Ukiwa na ndugu Brussels au Liège anayerudi likizo, mwombe hiyo badala ya manukato.

Kuna kundi moja linalowahadaa hata wajuzi: bia za hopsi nyingi, zile ziitwazo IPA, ambazo sasa hutengenezwa na viwanda vidogo kuanzia California hadi Nairobi. Kwa kuwa ni chungu na nyingine zina kilevi cha asilimia 7 au 8, mtu hudhani zitadumu. Hopsi ni maua, na harufu ya ua haihifadhiki. Asumini ya jana kwenye nywele za bibi harusi bado iko, lakini nani atainusa leo kwa furaha? Kiwanda cha Russian River cha California kimejaza lebo ya bia yake ya Pliny the Elder maneno ya kumsihi mnunuzi asiihifadhi, ainywe upesi. Msikilize aliyeipika.

Na Guinness? Naulizwa hili kuliko yote, kwa kuwa ndiyo nzito inayopatikana kirahisi kwenye baa zetu. Nasaba ya ile ya Foreign Extra inaanzia kwenye bia ya Dublin ya mwaka 1801 iliyoongezwa hopsi na nguvu ili ivumilie safari ndefu za meli kwenda Karibi. Weusi wake na nguvu zake huifanya ivumilie kuliko lager. Lakini kuvumilia si kukomaa. Ya hapa kwetu huchujwa na hupashwa moto. Weka moja kwa majaribio ukipenda, usiweke kreti.

Mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu wenye maghala baridi chini ya nyumba. Ni kweli, na wazee wetu walilijua hilo bila kemia. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umekolea, wa kesho kutwa unaelekea kuwa siki, na mgema hapandi mnazi kwa ajili ya mwakani. Mbege ya Wachagga, ya ndizi na ulezi, hutiwa uchungu wa magome ya msesewe, kazi ile ile hopsi inayofanya kwingineko, na bado haingojwi: ikiiva, watu wanaitwa. Ulanzi wa Iringa vivyo hivyo. Vinywaji vyetu vilipangwa kumalizwa na watu wengi kwa muda mfupi, na huo ni ustadi kamili kwa nchi yenye joto. Anayetaka kwenda kinyume, yaani kuweka kinywaji kwa miaka, lazima kwanza ajitafutie baridi.

Basi tafuta baridi. Kiwango kizuri ni nyuzi 10 hadi 13, na kisichobadilika sana. Uko Njombe, Lushoto, Limuru, Kabale au Bukavu? Una bahati. Chumba cha upande usiopigwa jua, sakafuni, ndani ya boksi lililofungwa, kitakupa hali ambayo wa Mombasa na Dar hawaipati bila kulipia umeme. Wa pwani, msijidanganye na mtungi: hewa yenu imejaa unyevu, na mtungi hupoza kwa kukauka. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa asubuhi nacho hakitoshi. Tengeni kona ya friji, ile ya chini nyuma kabisa, mkubali kwamba kwenye nyuzi 4 bia itakomaa taratibu kuliko kawaida. Si hasara. Chini ya kitanda ni afadhali kuliko juu ya kabati, lakini hiyo ni afadhali tu.

Chupa ya kizibo cha bati isimame wima, ili masimbi yatulie chini na bia iguse hewa kwa eneo dogo. Ifunge kwenye gazeti au boksi. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoipata, maana baada ya miaka mitatu utakuwa na chupa na hadithi zisizolingana.

Usinunue moja. Nunua tatu au nne za aina ile ile, ufungue moja kila baada ya mwaka au miwili, uandike mistari michache kuhusu ulichokionja. Mwenye chupa moja hajui kama aliifungua mapema au amechelewa. Mwenye nne anajifunza, na akiona ya mwaka huu imeanza kurudi nyuma, anazimaliza zilizobaki bila majuto.

Kisha kuna shemeji. Hakuna oksijeni inayomaliza bia ya akiba kwa kasi ya shemeji aliyefika Jumapili bila taarifa. Kumficha ni kazi bure, na kufunga kwa kufuli kunaleta maneno ndani ya ukoo. Dawa iliyo bora ni kumhusisha: mwonyeshe chupa, msomee tarehe, mwambie siku ya kufungua na kwamba yeye ni miongoni mwa walioalikwa. Atageuka mlinzi. Na siku zote weka lager za kawaida mbele kwenye friji, kwa ajili yake na kwa ajili ya amani.

Baridi na giza peke yake havitoshi kama bia yenyewe haikuandaliwa. Mwaka 2010 wapiga mbizi walipata meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, miaka ya 1840, ikiwa na shampeni na chupa chache za bia, kina cha mita 50 hivi. Huko chini hakuna jua, na baridi haikomi. Ukisikia hivyo unadhani ndilo ghala bora duniani. Watafiti wa Finland walipozifungua, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalitaja harufu ya mpira ulioungua, jibini lililopitiliza na mbuzi. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya, na bakteria walikuwa wamefanya kazi yao. Zilifaa sana maabara, hazikufaa mezani.

Siku ya kufungua ikifika, usiigandishe. Bia nzito iliyokomaa hufunguka kwenye nyuzi 12 hivi. Ikiwa baridi ya barafu haitakuambia kitu. Isimamishe siku nzima, mimina polepole kwa mkono mmoja bila kurudisha chupa nyuma, acha masimbi chini. Tumia glasi ndogo na ugawane na watu watatu au wanne. Asilimia 12 si mzaha: chupa moja ina nguvu kuliko lager mbili za ukubwa ule ule, na anayeendesha gari anuse tu.

Na zile za juu ya kabati? Zishushe leo. Fungua moja, onja, utajua. Zikiwa za karatasi, zimimine kwenye nyama ya kuchemsha na urudishe chupa tupu dukani. Kesho ukienda kununua, usipokee iliyokaa juani. Omba iliyoko ndani, soma tarehe iliyochapwa, na ikiwa imebakiza siku chache mwambie muuzaji hivyo kwa sauti, mbele ya wateja wengine. Wenye maduka hawatahamisha kreti kutoka juani mpaka sisi wanunuzi tuzikatae.